Bima ya Baiskeli na Geti la Wakwe

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina mtoto yuko sekondari, naimba kwaya sauti ya pili, lakini mpaka leo nikifika Mkolani natembea kichwa chini, maana kuna mtaa mzima pale unanijua kwa jina moja tu: Mama Mnyororo. Jina hilo sikupewa kwa kuonewa. Nililitafuta mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya wakwe. Chekeni tu, nimeshazoea.

Chanzo ni baiskeli. Mimi nauza maandazi, nayapika nyumbani Mabatini na kuyasambaza kwenye migahawa na vibanda mpaka Mirongo, na baiskeli ndiyo miguu yangu. Ile ya kwanza iliibwa Mirongo wakati nimeingia mgahawani kushusha maandazi, nikatoka nikakuta nafasi yake tu, na mwenye kibanda cha jirani ananiambia kwa upole kabisa, "Dada, si umemtuma yule kaka?" (Nimtume nani mimi!) Nililia siku ile kama nimefiwa. Kwa hiyo nilipojikusanya nikapata nyingine, ya kijani, nikaiita Mkombozi, nikaifungia boksi la mbao kwenye keria na kuandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa za kuonekana ng'ambo ya barabara, MAANDAZI YA KABULA. Kabula ndiye mimi. Hayo maandishi yakumbukeni, yatakuja kunimaliza.

Basi nikasikia kuna dada anakata bima za baiskeli, ameweka meza karibu na duka la simu, nikaenda. Dada mpole, kanieleza vizuri: kuna bima ndogo, ya wizi tu, na kuna bima kubwa, ya wizi pamoja na hasara ambayo baiskeli yako inaweza kumletea mtu mwingine. Mimi hapo nikacheka. Nikamwambia, "Dada, hii ni baiskeli ya maandazi, itamletea nani hasara? Ingekuwa lori tungeongea." Waliokuwa wanasubiri nyuma yangu nao wakacheka, na mimi ukinichekea kidogo tu kichwa kinavimba, nikagonga meza nikasema nipe hiyo ndogo, mwizi ndiye adui yangu, hao wengine watajijua.

Dada akaandika, halafu akasema, "Ila mama, kuna sharti. Kila unapoiacha uifunge mnyororo kwenye kitu kisichobebeka. Ikiibwa bila kufungwa, hatulipi."

"Kila ninapoiacha?"

"Kila unapoiacha."

Sasa mimi nina ugonjwa wangu mmoja: nikipewa sharti nalishika mpaka linaomba po. (Daktari aliwahi kuniambia dawa ninywe baada ya kula, nikawa nakula bila njaa ili tu nipate kunywa dawa, nikanenepa.) Nikanunua mnyororo mnene na kufuli. Mkombozi nikawa naifunga kwenye nguzo za umeme, kwenye nondo za madirisha, nyumbani naifunga kwenye mguu wa kitanda. Kanisani niliifunga kwenye nguzo ya kengele mpaka mzee wa kengele akawa anauruka mnyororo kila Jumapili, na wala hakunisema, Mungu ambariki.

Ikafika siku ya kupeleka mahari ya mdogo wangu Shija. Huyu Shija ndiye kitinda mimba wetu, nimembeba mgongoni, na alikuwa amempenda binti mmoja wa Mkolani, Neema, mwalimu wa chekechea, mpaka alikuwa anasahau kula. Ila kwa akina Neema hakukuwa kwepesi. Mama yake hakuwa na neno, lakini shangazi yake, Milembe, aliyekuwa anakaa nao pale pale, alikuwa ameshasema kwamba familia yetu ni ya watu wa haraka haraka wasiojua adabu, na kwamba siku ya mahari atatutazama kwa macho yake mwenyewe, akiona kasoro moja, ng'ombe wanarudi walikotoka. Shija akatuita wote akatuomba, karibu alie, "Ndugu zangu, siku hiyo moja tu, tuwe watu wa adabu." Wote tukaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Wenzangu walitangulia na gari la kukodi, na kiongozi wao baba mdogo Mabula, ambaye ndiye mshenga na ndiye msemaji wetu. Mimi nilikuwa na maandazi ya asubuhi ya kugawa, kwa hiyo nikafuata na Mkombozi, nimevaa gauni langu la kitambaa kizuri na kitenge kipya nimejifunga kiunoni, nakanyaga pedali huku naimba. Nilipofika nikakuta geti kubwa la chuma la milango miwili, limefungwa, na watu wanapita kwenye kimlango kidogo cha pembeni. Ndani nasikia vicheko, mambo yanakwenda vizuri.

Nikatafuta pa kufunga. Palikuwa na mpapai, lakini mpapai unakatwa kwa panga moja. Palikuwa na kigingi cha mbuzi, kinang'oka. Nikalitazama geti. Hilo ndilo, nikasema, kitu kisichobebeka. Nilipitisha mnyororo kwenye mlango mmoja wa geti, halafu nikawaza (ndiyo, mimi huwa nawaza, ndiyo shida yenyewe) kwamba mwizi mjuzi anaweza kunyanyua mlango mmoja kwenye bawaba zake akaondoka nao pamoja na baiskeli, basi nikaupitisha na kwenye mlango wa pili, nikakaza, nikapiga kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Nikaingia kwa kimlango, nikapiga magoti, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba," nikakaa na wenzangu nikiwa nimetulia kama mtu aliyekamilisha wajibu wake.

Maongezi yakaenda. Baba mdogo Mabula alisema maneno yake ya mafumbo, kwamba tumeona ua zuri kwenye boma hili, wakajibu kwa mafumbo yao, ikakubalika, na ikafika zamu ya mama Neema kutoka ndani atusalimu. Kwa desturi mama wa binti hakanyagi udongo siku hiyo, sisi wanawake wa upande wa mume tunamtandikia kanga na vitenge anakanyaga, na kila alichokanyaga ni chake. Tukatandika, vigelegele, tunarudi nyuma tunatandika, na hatua chache kabla hajafika kwenye kiti, kanga zetu zikaisha! Nikaona shangazi Milembe ananyoosha shingo aone watu wasio na adabu watafanyaje. Sikuwaza mara mbili. Nilivuta kitenge changu kiunoni nikakitandaza kwa madaha, nikapiga kigelegele mpaka koo likauma, mama Neema akakanyaga, akaketi, watu wakapiga makofi. Hata Milembe alitikisa kichwa kwa kukubali. Shija alinitazama kwa shukrani ambayo sitaisahau. Vitenge vyote vikakusanywa vikapelekwa chumbani kwa mama.

Ndipo tukasikia ng'ombe.

Walikuwa wanaletwa kwa miguu kutoka upande wa Usagara, ng'ombe wazuri, wamenawiri, na kila mtu akasimama. Mjomba wa Neema akaenda kufungua geti, akavuta. Akavuta tena. Akachungulia nje kwenye uwazi, kisha akageuka na uso ambao sijui niueleze vipi. "Geti limefungwa mnyororo," akasema. "Kuna baiskeli."

"Ya nani?"

Nilitaka kunyamaza, nakiri. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa najifanya naokota kitu. Lakini yule mjomba, mtu msomi kabisa, akachungulia tena na kusoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo la kwanza madhabahuni: "Maandazi. Ya. Kabula."

Milembe akasimama. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "Yaani wageni wamekuja kuoa kwenye nyumba ya wezi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mtu anakuja ukweni, siku ya mahari, anafunga baiskeli yake mnyororo kwenye geti la wenyeji! Hata ningesimama juu ya kiti nikatukana nisingewaudhi hivyo. Nikataka kurekebisha. "Shangazi, siyo ninyi," nikasema, "ni bima. Bima inasema wezi wako kila mahali."

"Na hapa?"

"Yaani... kila mahali, shangazi."

Baba mdogo Mabula alikohoa kikohozi kirefu, cha mtu anayetamani kurudi nyumbani. Shija alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Na huko nje wachungaji wanapiga mluzi bure, ng'ombe wamechoka kusubiri, wamegeukia kwa jirani na kuingia kwenye bustani ya mchicha, na yule jirani mwanamke anapiga kelele, "Mayu wee! Mchicha wangu! Nani huyo kafunga geti?" Nikamkumbuka dada wa bima na ile bima yake kubwa. Hasara kwa mtu mwingine. Na mimi nilicheka!

"Lete ufunguo," Milembe akasema.

Nikapeleka mkono kiunoni. Nikapapasa gauni. Ufunguo ulikuwa chumbani kwa mama mkwe, kwenye pindo la zawadi ambayo nimeitoa mwenyewe kwa vigelegele. Na kwetu zawadi ya mama mkwe haiombwi. Nikamnong'oneza baba mdogo, na yeye, kwa kuwa ndiye mshenga na hawezi kusema kitu bila kukizungusha, akasimama na kusema, "Wakwe zetu, kuna kitu chetu kidogo kimeingia ndani pamoja na vitenge, tungeomba kirudi."

Watu wakaguna. "Mnataka zawadi zirudi?" Milembe akapiga kofi moja zito. "Nilisema mimi! Nilisema! Wageuzeni hao ng'ombe!"

Nilimtazama Shija na nikajisikia mdogo kuliko punje ya mtama. Mtoto niliyembeba mgongoni, nimemharibia siku yake kwa kufuli. Nikapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi, nikamwambia mama Neema ukweli wote bila mafumbo: baiskeli ya kwanza ilivyoibwa, nilivyolia, bima, sharti, pindo. Mama Neema akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani. Akatoka na kitenge changu, anafungua fundo kwa meno, ufunguo ukamdondokea kiganjani.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi nililikanyaga fundo hili nikajua wakwe wameniwekea pete!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na kicheko cha mama huyo kinaambukiza, kikamshika mjomba, kikaja kwetu, mpaka wachungaji kule nje wakawa wanacheka wasichokijua. Milembe peke yake ndiye alibaki wima. Geti likafunguliwa, ng'ombe wakatolewa kwenye mchicha wakaingia (jirani tulimfidia sisi, na maandazi juu), lakini Milembe akasema bila faini hapokei mtu.

"Faini iwe hii," mama Neema akasema, akijifuta machozi. "Baiskeli ibaki hapa uani kwetu, bila kufungwa, mpaka siku ya harusi. Ufunguo nakaa nao mimi. Kabula achukue mnyororo wake aende nao."

Ile ndiyo miguu yangu. Nikamtazama Shija. Nikasema, "Nimekubali, mama." Jioni nikampigia dada wa bima, naye akanijibu kwa huruma, "Mama Kabula, isipofungwa, bima haipo."

Wiki zile nilitembea, maandazi kichwani, Mabatini mpaka Mirongo, na wateja wananiuliza Mkombozi yuko wapi, nawajibu yuko ukweni. Nilipungua mwili wote ule niliounenepea kwa dawa.

Siku ya harusi tukaenda kumchukua bibi harusi, na macho yangu yakakimbilia uani. Ilikuwepo! Imeegemezwa kwenye geti lile lile, imeoshwa mpaka inang'aa, imefungwa maua ya rangi kwenye usukani, na kengele yake, iliyokuwa bubu tangu niinunue, inalia. Nikaikumbatia mbele za watu, sikuona aibu, aibu yangu niliimaliza siku ya mahari. Nilikuwa na furaha ya Shija na furaha ya baiskeli, sijui ipi ilikuwa kubwa (Shija asisome hapa).

Wakati watu wanacheza, shangazi Milembe akanivuta mkono mpaka nyuma ya jiko. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wewe mtoto umenitesa," akaninong'oneza. "Baiskeli yako nimekuwa nalala nayo chumbani. Nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Mtaa huu una wezi!"

Sikucheka. Naapa sikucheka, niliuma ulimi.

"Sasa," akasema, "huyo dada wa bima anakaa wapi? Nina baiskeli ya marehemu mume wangu."

Nilimpeleka mwenyewe. Akachukua bima kubwa, na mimi nikaongeza yangu ikawa kubwa, na ufunguo siku hizi nauvaa shingoni. Mkombozi naendelea kuifunga kila mahali, hata kanisani, ila nimeapa mbele ya kaburi la mama yangu: nikienda Mkolani naiegemeza ukutani, wazi, naingia kunywa chai. Huwa sikai hata kidogo kabla shangazi Milembe hajaaga kwamba anakwenda nje kuangalia kuku, na sote tunajua nyumba ile haina kuku.