Alichokikataa Fisi

Jina letu la mwisho sitaliandika hapa. Tuko wachache mno, na nikiliandika nitakuwa nimetutaja sote kwa mpigo mmoja, hata wale ambao hawajaniruhusu. Maana yake nitaisema, kwa sababu kila ajuaye Kikamba ameicheka tangu zamani bila kuniuliza: ni kitu ambacho fisi alikinusa, akakikataa, akaenda zake.

Nilisomea chuo cha Biblia, nikahubiri Kitui na Makueni mpaka magoti yalipoanza kulalamika. Kila nilipofika kanisa geni, mwenyeji wangu alitangaza jina langu la ubatizo kwa sauti ya tarumbeta, kisha la mwisho akalipitisha ndani ya kikohozi. Watoto wa benchi la mbele hawakuwa na kikohozi. Walicheka tu. Nje ya Ukambani jina lilipita salama kama mengine, lakini Bwana kwa hekima yake aliniita nihubiri nyumbani.

Mtu aliyepewa aibu huitafutia koti. Mimi niliishonea mawili. La kanisani lilikuwa mahubiri marefu kuhusu masalio, jinsi Mungu hubakiza wachache kutoka kwenye meno ya mwangamizi, na jinsi sisi wa jina hili tulivyobebeshwa ukumbusho huo. Niliyahubiri mpaka mimi mwenyewe nikayaamini. Koti la pili nililivaa siku wazee wetu walipokwenda kwa kina mke wangu kuzungumza habari za mahari. Nilijua wataulizwa hili ni jina la watu gani, kwa hiyo nilikuwa nimemfundisha mjomba wangu ajibu kwamba babu wa babu yangu alikuwa mwindaji, akakutana na fisi, akamfanya aache windo lake na kukimbia.

"Kwa mkuki?" akauliza baba mkwe.

Mjomba hakuwa amefundishwa kufika huko. "Kwa macho tu," akasema.

Mke wangu alikuwa jikoni akisikiliza, na hajasahau. Mpaka leo paka akiiba nyama huniambia, "Mzee, hebu mtazame."

Tulijaliwa mabinti kadhaa na mwana mmoja. Mabinti waliolewa, na kila mmoja aliliacha jina letu kama mtu avuaye viatu vinavyobana. Mwana alikwenda Kibwezi, akakodi shamba karibu na mto, akaanza kulima bamia na tikiti maji kwa pampu. Akaoa mwalimu wa chekechea, msichana mwenye adabu na sauti ndogo. Hivyo hesabu ya jina letu duniani, kwa kadiri nilivyojua, ilikuwa mimi, mwanangu, mke wangu pale karani anapomlazimisha, na yeyote ambaye angezaliwa Kibwezi.

Akazaliwa mvulana. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto na mama yake, kisha, nikiwa bado huko chini, nikamshukuru na kwa ajili ya jina. Kwetu mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba. Hurithi jina lake kama arithivyo masikio. Nikanyanyuka nikangoja simu yangu iite. Ikaita ya mke wangu.

Alizungumza nje, karibu na tangi la maji, akarudi akanipakulia muthokoi. Hakusema kitu mpaka nilipomaliza sahani. Hapo ningepaswa kujua kuna jambo.

"Mzee, mtoto ni mzima. Ana nywele nyingi."

"Bwana asifiwe."

"Jina lako la ubatizo wamempa."

"Bwana asifiwe."

"Lile lingine mama yake hataki."

Hapo Bwana hakusifiwa. Niliuliza hataki kwa namna gani.

"Hataki kwa namna ya kutotaka. Anasema atachekwa shuleni. Yeye ni mwalimu, anawajua watoto."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Akuambie wewe? Kwa mdomo upi?"

Alikuwa na haki. Mkaza mwana kwetu ana heshima kwa baba mkwe, tunaiita nthoni. Hamkabili kwa neno zito, na jina lake halitamki kabisa. Wokovu umelegeza mengi, lakini hili halijalegea sana. Mimi nami sikuweza kumpigia simu nikabishana naye, ingekuwa fedheha. Nilichoweza ni kumpigia mwanangu na kumwambia neno moja, naye angetii, maana ananiogopa kuliko inavyofaa. Mtoto angelibeba jina, na mama yake angelia kimya kimya huko jikoni kwake. Au ningenyamaza, na jina lingeisha nasi.

Sikutaka kumwona analia. Nilitaka akubali kwa furaha. Nikamwambia mke wangu kwamba yule msichana analidharau jina kwa sababu hajui asili yake, na kwamba nitakwenda kuitafuta asili hiyo, nimletee akiwa bado kitandani mwa uzazi.

"Nenda," akasema. "Ukimpata yule fisi, msalimie."

Nilianzia Mukuyuni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia kwenye mikutano ya kanisa kwamba yuko mfanyabiashara wa nafaka huko mwenye jina kama letu, nami nikidhani ni mzaha. Sasa nilifika nikaliona kwa macho yangu, limeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa duka, kubwa, bila kikohozi. Nilisimama pale nikilitazama hadi mwenye mkokoteni akaniomba nipishe. Kisha nikaingia, nikamkumbatia mwenye duka juu ya magunia ya ndengu.

"Ndugu yangu!" nikasema.

"Karibu, mzee," akasema ndani ya kumbatio. "Unauza au unanunua?"

Nilimtajia jina langu. Alicheka akamwita mke wake, naye akacheka, kisha wakaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Nilianza kumhoji kama karani wa mahakama. Ukoo wake? Si wetu. Kwao asili? Milimani, Makueni, wala hakuna wa kwao aliyepata kuvuka mto Athi kuja upande wetu. Tulipekua mababu wa huku na wa huku, hatukupata hata tone moja la damu tuliloshirikiana.

"Sasa jina mmelitoa wapi?" nikauliza, kana kwamba ameliiba.

"Alipewa babu yangu," akasema. "Mama yake alikuwa akizaa anazika, akizaa anazika. Huyu alipotoka akalazwa kwenye njia ya fisi. Bibi mmoja wa boma lingine akajifanya anapita, akamwokota, akamletea mama yake: 'Nimeokota kitu, hata fisi amekikataa. Wewe unakitaka?' Mama akamnunua kwa kibuyu cha wimbi. Ndiyo ikawa jina, ili kifo kikipita kisimtamani."

"Hiyo ni ya kwenu," nikamwambia. "Yetu sisi ni ya mwindaji."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayerudisha ndengu zilizokwisha pikwa. "Ndiyo, mzee," akasema kwa adabu nyingi.

Nilipomuuliza kama watoto wake wanalitumia, alishangaa. "La nini? Wangu wote wako hai."

Kutoka hapo nilirudi hadi Ikutha kwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye peke yake aliyesalia wa nyumba ile. Nilimkuta uani akiwalisha mbuzi maganda ya mgunga. Macho yake hayaoni mbali, lakini ulimi bado unafika. Nilimsalimu, nikaketi kwenye gogo, nikaanza kwa mbinu.

"Shangazi, yule fisi alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Fisi yupi?"

"Aliyetazamwa na babu."

"Alitazamwa na babu yupi? Nani alikuambia huo uongo?"

Ilinibidi nimwambie kwamba ni mimi. Alicheka mpaka mbuzi wakasogea kando. Alipojipangusa machozi kwa kanga alinieleza, na sikulazimika kumuuliza mara ya pili.

Baba yangu hakurithi jina lile kwa mtu. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Jina alilopaswa kupewa lilikuwa la babu yake, jina zuri, nalo walipewa kaka zake waliomtangulia, wakafa nalo wakiwa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Yeye alipozaliwa hakuna aliyethubutu kumpa. Asubuhi ile alilazwa njiani, na aliyepaswa kumwokota alikuwa jirani mwenye mguu mbovu, akaja polepole mno, na mama yake akasimama nyuma ya ua akiwa amejiuma kidole, akiogopa kwamba fisi wa kweli watafika kabla ya jirani.

"Na huyo baba yako," shangazi akaongeza, "alimwogopa fisi mpaka ana ndevu. Jua likishatua, hatoki kwenda chooni mpaka nimsindikize. Macho tu! Macho gani?"

Basi huo ndio ukoo wangu wa kale. Mhenga wa kwanza alikuwa baba, ambaye hakuenda chooni peke yake. Wa pili nilikuwa mimi.

"Lakini shangazi, mbona tumekuwa wachache hivi?"

"Si ndiyo vizuri? Wewe uliyesoma huoni? Watoto hawafi kama zamani. Nani atamwita mtoto hivyo na hajazika?" Akamvuta mbuzi mmoja sikio, akaendelea. "Huyo wa Kibwezi ni mgonjwa?"

"La, ni mzima."

"Wamemtangulia wengine wakafa?"

"La. Ni wa kwanza."

"Sasa unampa dawa ya nini? Jina lile ni dawa, wewe mtoto. Mzima hapewi dawa."

Nikainuka kwenye gogo, nikamuaga. Njiani kurudi nyumbani niliyafikiri maneno yake. Jina letu halifuati damu wala mto wala vilima. Ukilikuta mahali popote, Mukuyuni au Ikutha, jua tu kwamba hapo palikuwa na mama aliyezika mpaka akafikia kukidanganya kifo. Nami, mzee wa kanisa, nilikuwa nimeomba kwa miaka mingi kwamba jina lisipotee, huku akina mama wa nchi nzima wakiomba watoto wao waishi. Maombi hayo mawili yalifika mbele ya kiti kimoja. Namshukuru Mungu kwamba hakusikiliza langu.

Tulikwenda Kibwezi mimi na mke wangu, tukiwa na kuku na mfuko wa ndengu ambao ndugu yangu asiye ndugu alikataa nilipie. Mwanangu alitupokea na uso wa mtu anayesubiri hukumu. Mkaza mwana alitusalimu kwa mbali, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ametupa nusu ya mgongo, mtoto kifuani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vichwa vitatu, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilikuwa katikati ya kichwa cha kwanza, bado nikieleza hali ya mama wa Kiafrika, mke wangu aliponikata.

"Mzee, sema ni ndiyo au siyo. Huyu msichana anatetemeka."

"Jina liishie kwangu na kwa mwanangu," nikasema. "Mtoto aandikwe kwa jina la ubatizo la baba yake, basi."

Mwanangu alishusha pumzi kama tairi. Mkaza mwana hakugeuka. Alimwambia mke wangu, ingawa mimi nilikuwa karibu naye kuliko yeye, "Mama, mwambie baba asante."

"Mzee, unaambiwa asante."

"Mwambie hakuna shida," nikasema.

"Unaambiwa hakuna shida."

"Mama, muulize baba kama hatasononeka."

Hapo niliwasimulia yote, jirani mwenye mguu mbovu, kibuyu cha wimbi, na mama nyuma ya ua. Nilimsimulia mke wangu, kwa heshima, lakini nilijua nani anasikiliza, kwa sababu yule msichana alivuta shali akamfunika mtoto kichwa, kisha akaivuta tena ingawa alikuwa amekwisha funikwa. "Mama," akasema baadaye, "mwambie baba kwamba wa kwetu pia walilazwa njiani. Bibi yangu mmoja." Mke wangu hakulifikisha hilo. Lilikuwa limefika.

Wakaniomba niombe. Lazima niseme kwamba maombi yangu yana sifa. Kanisani vijana huketi kabla sijaanza. Na lazima niseme jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria. Mtoto yule ana jina langu la ubatizo, na mama yake hawezi kulitamka, kwa hiyo, kama wanawake wetu wengi wenye mtoto aliyepewa jina la mkwe, humwita "baba". Alikuwa ameshaanza tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa sijamsikia.

Nilifumba macho. Nilishukuru kwa ajili ya safari, nikashukuru kwa ajili ya mvua, nikashukuru kwa ajili ya bamia. Nikaingia kwenye jina, nikamshukuru Mungu aliyelifanya kuwa adimu, na kwamba katika nyumba hii hakuna aliyelihitaji. Nilikuwa nimepata pumzi ya kuendelea kwa mama wote, waliozika na wasiozika, kaunti kwa kaunti, mtoto alipoanza kulia.

"Nyamaza, baba," mkaza mwana akasema polepole. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Baba mkwe ameambiwa na mkaza mwana, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Nilidhani hakuna la kuongeza. Mtoto naye akanyamaza, na mwanangu, aliyezoea kungoja zaidi, akasema amina kwa wasiwasi. Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa ameshika ubavu, mkaza mwana amejificha uso mzima ndani ya shali, mabega yakimtikisika.

"Mama," akasema kutoka humo ndani, "mwambie baba sikumwambia yeye."

"Mzee," mke wangu akasema, "hukuambiwa wewe. Lakini chakula kiko tayari."