Alama ya Kidole Gumba kwenye Tableti

Chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kanisani Kasese, kwaya nzima ikiwepo. Na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai.

Mimi napiga kinanda katika kwaya moja ya Bwera, mpakani. Zamani nilikuwa napanga makaratasi ya nota juu ya kinanda, upepo unayapeperusha katikati ya wimbo. Nikanunua tableti. Kila wimbo naupiga picha, unakaa humo, na chini nina pedali isiyo na waya: nikikanyaga, ukurasa unafunguka. Mwalimu wetu Masereka hakuigusa kabisa. Yeye alikuwa analamba kidole gumba, anafunua daftari lake, anatutazama juu ya miwani.

Mwalimu alipofariki nilitumwa kuliandaa daftari hilo, kwa sababu katika kwaya yetu daftari la mwalimu huzikwa naye. Nikalifungua. Mwishoni kulikuwa na wimbo ambao hatujawahi kuusikia, na juu yake ameandika: "Wa harusi ya mwanangu Mbambu." Jamani, wimbo ulikuwa mtamu! Nikazipiga picha kurasa zote tatu, nikaliweka daftari kwenye jeneza. Mbambu alikuwa amesimama pale pale analia, nami sikumwambia neno. Jioni nikaukata ule mstari wa juu kwenye picha, nikaandika jina langu.

Nijitetee vipi? Ulikuwa wivu, basi. Miaka yote nacheza nyimbo za watu, sina hata mmoja wangu.

Mbambu alipopata mchumba, alituita tuimbe harusi yake Kasese. Nikamwambia nina zawadi, wimbo niliotunga mwenyewe. Akanishika mikono yote miwili.

"Webale, asante kaka. Kama baba alikuwa hapa, angefurahi sana."

Siku yenyewe tulipanda pikapu asubuhi. Tuliposimama Kinyamaseke akapanda mzee mmoja mwembamba, amevaa koti, akakaa ubavuni mwangu. Nilimshuku tangu mwanzo. Mtu hana mzigo, hasalimii, macho yote kwenye begi langu! Nikasema moyoni, huyu mwizi, nikalikumbatia begi. Alipofungua kinywa, kilikuwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, nikadhani ni mfanyabiashara wa Butembo.

"Ile wimbo ya leo iko ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Iko yako kweli?"

"Nimetunga mwenyewe."

Alilamba kidole gumba, akakaa anakitazama mpaka tukapita Muhokya. Nani alimwambia habari za wimbo? Nikamtilia shaka mpiga ngoma wetu, maana yule hafungi mdomo.

Kanisani, bibi harusi aliposimama mbele, nikaanza. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikakanyaga pedali, ukarudi ule ule wa kwanza. Nikakanyaga tena, ule ule. Nilishuku betri, nikamshuku mpiga ngoma anachezea simu yake. Ndipo nikaona kwenye kona ya kioo alama ya kidole gumba, mbichi, ina mate. Na juu, pale nilipokata, mwandiko wa Mwalimu umerudi. Jina langu halipo. Niaminini. Nikainua macho: yule mzee amesimama safu ya besi, kati ya waimbaji wa sauti nzito, ananitazama juu ya miwani ambayo garini hakuwa nayo.

Nikaacha kupiga. Kinanda kikanyamaza. Mbambu akamwacha bwana harusi, akaja na shela lake mpaka nilipokaa.

"Hiyo mwandiko ni ya baba," alisema. "Ulitoa wapi?"

Ningedanganya nini tena? "Kwa daftari yake. Aliandikia wewe. Mimi niliiba."

Maikrofoni ya kwaya ilikuwa mbele yangu, kwa hiyo kanisa lote lilisikia. Niliona aibu ambayo siwezi kuisimulia. Mbambu alipangusa macho.

"Cheza," alisema. "Yote."

Nikacheza. Sikugusa pedali hata mara moja, lakini kurasa zilifunguka zenyewe, kila moja kwa wakati wake. Mbambu alisimama kando ya kinanda akilia na kucheka mpaka wimbo ukaisha.

Nilipotazama safu ya besi, mzee hakuwepo. Niliuliza watu wote. Walimwona, wote, garini na kanisani, ila kila mmoja alidhani ni ndugu wa mwenzake.

Tangu siku ile, kila nikiwasha tableti ile alama ipo konani. Naipangusa kwa leso, inarudi. Nilimpelekea Mbambu nakala ya wimbo wake. Akaipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani, na sina la kumlaumu.

Kinachoniumiza ni kwamba mzee alikuja kuniuliza kwa upole, ubavuni mwangu, bila kunitangaza kwa watu, nami nikawa na njia nzima kutoka Kinyamaseke hadi Kasese ya kusema kweli. Nyinyi mnaopiga picha karatasi za watu, sikilizeni: mgeni akikaa karibu nawe akakuuliza kitu ni cha nani, mjibu kabla gari halijafika.