Tupa Pamba Kwanza

Cheka ukipenda, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu, ndani ya kiwanda cha nguo hapa Kisangani.

Ilikuwa wakati wa vita. Mabomu yalikuwa yamekata nyaya za umeme na kiwanda kimelala. Wachache wetu tuliitwa kusafisha mashine za kuchana pamba, maana pamba ikibaki ndani hushika unyevu, na kutu haingoji amani. Mashine hiyo ina pipa kubwa la chuma lililojaa meno makali. Hata ukiizima, pipa huendelea kuzunguka kimyakimya kwa muda mrefu, na limekula vidole vya watu. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango wake, sisi hutupa kipande cha pamba kwenye upenyo. Kikimezwa, unangoja. Hayo nilifundishwa na Yaya Mado, mwenzangu wa kazi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita leki, yaani mdogo wake, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Risasi zilipoanza alikimbilia kwao Yanonge.

Sasa nainua kichwa, nani kasimama kando yangu? Yaya Mado, na kilemba chake kilekile. Nilifurahi hadi machozi.

“Yaya, umerudi lini?”

“Leki, fungula tu. Ingiza mukono, pamba iko mingi mule.”

“Nitupe pamba kwanza.”

“Ya nini? Courant haiko.”

Kweli, umeme haukuwapo. Lakini niamini, hapo udadisi ukanishika. Mtu aliyewahi kunipiga kofi kwa kusahau pamba, leo aniambie niache? Nikatupa. Pamba ilinyakuliwa, ikapotea. Pipa lilikuwa linazunguka kwa kasi, katika jengo lisilo na umeme. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu, wala alama ya mguu kwenye vumbi.

Nilikimbia hadi mtaa wa Makiso bila kukumbuka kupanda toleka, baiskeli ya abiria.

Vita vilipotulia Yaya Mado alirudi. Nilimsimulia nikijua atanicheka. Hakucheka.

“Weye pia ulikuya kwangu Yanonge,” akasema. “Ulisimama pa mulango, ukasema courant imerudi, nirudie kazi. Nikakuuliza, umetupa pamba? Ukageuka, ukaenda.”

Mimi sijawahi kufika Yanonge.

Hadi leo tukitembeleana, hakuna anayefungua mlango kabla ya kuuliza habari ya pamba. Watoto wetu wanatuona vichaa. Nawe, mtu wako akikuambia uache jambo alilokufundisha mwenyewe, usimtazame usoni. Rudisha mkono kwanza.