Mikono Yote ya Kushoto

Reme hakujua kuimba, na huku Cádiz, kusini mwa Hispania, mtu husamehewa wizi upesi kuliko hilo. Kutwa alikaanga samaki kwenye duka la mtaani kwetu, na kila kanivali ilipofika aliyafuata makundi ya waimbaji wa mzaha kutoka kona hadi kona. Alitaka kitu kimoja tu: kutembea ndani ya kundi na kuimba nalo, si kulifuata nyuma kama mdai.

Mwaka huu akamwendea Encarni, kiongozi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kufungulia makopo. Encarni akamwambia nafasi zimejaa.

"Mimi nashona," Reme akasema.

Nafasi ikapatikana palepale.

Ukweli ni kwamba aliyekuwa fundi ni mama yake, na marehemu aliondoka na ufundi wake wote. Reme alirithi cherehani cha miguu, akakiwekea televisheni juu.

Tulikuwa tutoke kama majenerali walioshindwa vita vyote, na makoti ya mahameli nyekundu. Kitambaa chenyewe kilikuwa pazia la sinema iliyofungwa. Pazia moja, lisilo na ndugu. Kwa kuwa vazi ni siri mpaka siku ya kutoka, mimi na Reme tulijifungia madirisha na kufanya kazi gizani kama wezi. Mimi nilikuwa msaidizi kwa sifa moja: naona tundu la sindano.

Jumapili asubuhi viwiliwili vya makoti vilikuwa tayari, kundi linatoka mchana. Nikachukua mkono mmoja wa koti, nikaujaribu kwenye kwapa la kulia. Ukagoma. Nikachukua mwingine, nao vilevile.

"Shoga, mikono ya kulia umeiweka wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Hii yote ya kushoto."

"Basi igeuze, Toñi, usinichanganye."

Nikaugeuza mmoja. Mahameli kwa ndani ni ya kijivu kama panya. Reme akapekua rundo lote, akaketi sakafuni.

"Nilikata yote kwa karatasi moja ya kipimo," akasema.

"Ya kulia ulitakiwa uipindue karatasi."

"Nani angeniambia?"

"Mama yako."

"Huyo saa hizi anacheka mpaka jeneza linatikisika."

Maduka ya vitambaa yamefungwa, pazia limekwisha.

"Wataniondoa," akasema. "Duniani kuna mtu mwenye mikono miwili ya kushoto?"

"Wewe."

Hakucheka. Tukashona ya kushoto pande zote mbili; ungefanya nini? Reme alikuwa analia huku miguu inakanyaga cherehani, na mshono ukafuata kilio, mara huku, mara kule.

Encarni akaja na wenzake, akavaa, akainua mkono wa kulia apige saluti. Ukakwama kifuani, kiwiko kimechomoza kama bawa la kuku.

"Reme, hiki nini?"

Nikadakia, "Jenerali aliyeshindwa, saluti ataiwezea wapi?"

Encarni alitutazama sana. Nje ngoma ilishaanza.

"Jioni nitawaua wote wawili," akasema, akatoka.

Kwenye kona ya kwanza tukapiga saluti. Mikono yote ikakwama kwa pamoja. Watu wakacheka kabla hatujafungua mdomo. Mzee mmoja divai ikamtokea puani. Kundi lililokuwa kona ya pili likaacha kuimba, likaja kututazama.

Encarni akamkumbatia Reme kwa mkono uliokuwa huru. "Akili hii umeificha wapi, bibie? Kuanzia leo unatushonea sisi, na mwakani nimeshawaahidi na wale pale. Mazoezi ya kuimba usijisumbue. Wewe kaa na cherehani chako."

"Mwambie," nikamnong'oneza Reme.

"Nimwambie nini? Kwamba nilikosea, anifukuze?"

Wimbo ukaanza. Reme akavuta pumzi, akaimba kwa sauti yake yote, mstari mzima. Encarni akageuka, akamshika shavu kwa upendo.

"Fundi wangu, pumzisha koo."

Reme akafunga mdomo. Kwa kukosa cha kufanya, akavuta uzi uliotokeza begani kwangu, na mkono wangu wa koti ukaja wote.