"Kuna Nini, Mama?"

Jumamosi nilisimama kwenye kiwanja cha shule huko Buganguzi, palipoishia mashindano madogo ya kukimbia vijia vya migombani. Washindi walishapewa sabuni zao wakaondoka. Msimamizi alikuwa anakunja utepe wa kumalizia, ndipo mama mmoja mtu mzima, mkimbiaji wa mwisho, akatokea kwenye mibuni, anatembea, ngumi moja ameifumba.

"Mama, ulipotea?" msimamizi akauliza.

"Nipotee wapi? Nilikuwa najibu watu."

Akaeleza huku anahema. Kule vijijini mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, kuna msiba. Basi kila uani alipokatiza, watu walitoka na majembe yao: "Kuna nini, waitu, mwenzetu? Nani amefariki?" Akasimama, akawaambia ni mashindano tu, wakacheka, wakampa kahawa ya kutafuna. Akafumbua ngumi, tukaziona punje.

"Ungewapungia mkono tu ukapita," msimamizi akasema.

Mama akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Tangu mzee wangu afariki naishi peke yangu kule mjini, Bilele. Leo nimeulizwa kuna nini na watu ambao hata hawanijui. Niwapite?"

Kisha akauliza mbio nyingine ni lini.

Mashindano makubwa ya mjini hufunga barabara ili mkimbiaji asisumbuliwe. Mimi nami naishi Bilele, peke yangu. Jumapili asubuhi nikavaa raba, nikakimbia mtaa mzima kwa kasi ya mtu aliyefiwa.

Watu walinipisha njia.