Tairi Zenye Mstari Mweupe

Nilikuwa dereva wa kigari cha kijiji chetu cha ujamaa, na nilijiona fundi. Kabla ya masika nilitumwa Tanga kuchagua tairi za matope. Nikaziacha zenye kashata nene, yale meno ya kukamata tope, nikachukua laini zenye mstari mweupe ubavuni, maana zilipendeza. Mwenyekiti aliponiuliza, nikamjibu, "Hizi ndizo za matope, mzee."

Mvua ilipoanza nilimbeba Mama Elia, ameshikwa na uchungu, kumpeleka hospitali Lushoto. Kwenye mteremko wa kwanza gari liliteleza likaingia mtaroni. Wanaume wakamchukua kwa machela. Walichelewa, mtoto alizaliwa amekufa.

Kesho yake Baba Elia alinikuta nikilisafisha gari. Akainama, akapapasa tairi.

"Ndugu, mbona hizi hazina meno?" akaniuliza taratibu. "Nani alizichagua?"