Harusi Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Miaka ile ya rashi, watu walipokuwa wanamiminika machimboni kutafuta dhahabu, mimi nilikuwa na banda la picha Nyamwaga. Sururu sikuwahi kushika. Wachimbaji walitaka picha za vitambulisho, na nyingine za kutuma kwao, wamevaa miwani ya kuazima, hivyo kazi haikunikaukia. Kompyuta niliinunua kwa mtunza stoo mmoja wa machimbo aliyekuwa anahama.

Kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa harusi ya wazee wawili. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao, wajukuu tele, ndipo bibi akaamua wafunge ndoa kanisani. Mzee alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hatatoa ng'ombe wengine. Nilipiga picha siku nzima, nikazihamishia kwenye kompyuta, kisha nikafuta kadi ya kamera ili nikapige kwingine.

Siku chache baadaye kompyuta ikaanza kusahau saa na tarehe. Nikaipeleka Tarime mjini kwa fundi mmoja mpole, mtu ambaye baba yake alitoka Tanga. Akabadilisha betri ndogo ya ndani, akaiwasha. Skrini ikawa ya bluu, ikadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

"Diski ina kufuli la siri, ukigusa betri inajifunga," fundi akasema. "Huu ufunguo uliuandika wapi?"

"Ufunguo gani? Mimi naingiza neno la siri tu, nafanya kazi."

"Basi muulize aliyekuuzia. Yeye ndiye aliyeifunga."

Simu ya mtunza stoo haikupatikana. Nikasikia ameachana na dhahabu, yuko Nyansurura anafuga. Nikapanda bodaboda, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Nilimkuta anakamua. Alinikaribisha maziwa kwanza, shida yangu baadaye.

"Ufunguo uko kwenye barua pepe yangu," akasema. Nikataka kumkumbatia.

Tukapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Barua pepe ikamkumbuka, lakini ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake ya zamani.

"Iko wapi hiyo simu?"

Akajikuna kichwa. "Ilitumbukia shimoni. Na ile laini siku hizi anayo mtu mwingine, ukipiga anakutukana."

Tulijaribu kila njia mpaka barua pepe nayo ikatufungia. Nilirudi Nyamwaga nikiwa nimepewa chupa ya maziwa na pole nyingi.

Kesho yake asubuhi bibi akaja bandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, picha zangu ziko wapi?"

Nikamweleza kwamba zimo ndani, ila mlango umefungwa na ufunguo umepotea.

"Si uvunje mlango?"

"Nikivunja, mama, ndani tutakuta majivu."

Akajifunga kanga kiunoni, nikajua leo nimekwisha. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akashika benchi. "Haya, twende. Wewe ndiye utamwambia mzee."

Mzee alikuwa uani anasuka kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo nimeoa au sijaoa?"

"Umeoa, baba. Padre ameandika kitabuni."

"Sasa kelele za nini?"

Lakini bibi alitaka picha zake. Jumamosi ile wakavaa upya. Gauni lilikodiwa tena, kwa gharama yangu, na padre akakubali kusimama nao, huku akitangaza kwa sauti kwamba habariki mara mbili. Ndugu waliokosa siku ya kwanza wakaja na mbuzi. Kwenye harusi yenyewe kila mtu alikuwa amekaza uso kama yuko mahakamani. Safari hii walikuwa wanataniana, na mzee alimshika mkewe mkono bila kuambiwa. Picha nilizichapisha siku hiyohiyo, sikuziacha zilale.

Diski ilibidi ifutwe yote. Iliniuma, nisidanganye, zilikuwamo na picha za mama yangu.

Ila habari ya wazee wale ilienea kuliko nilivyotaka. Ndani ya mwezi nilijiwa na jozi tatu za wazee, wamependeza, wanataka picha za harusi kwanza na kanisa baadaye. Wote niliwaelekeza kwa padre. Jozi moja tu ndiyo iliyorudi, na cheti cha ndoa mkononi.